Kuhamisha Akaunti ya Benki Ukiwa na Deni: Mshahara Kwanza

Wengi wanaofika kwenye dawati la ushauri wa madeni hawajui kwamba benki inayowadai inaweza kuchukua pesa kwenye akaunti yao bila kwenda mahakamani. Mikataba mingi ya benki ina kipengele kinachoiruhusu kufidia rejesho lililochelewa, liwe la mkopo au la kadi, kutoka kwenye akaunti nyingine ya mteja huyohuyo. Mshahara unaingia usiku, asubuhi umepungua, na mwenye nyumba bado anasubiri kodi yake.

Kwa ovadrafti, yaani ruhusa ya kutoa pesa zaidi ya zilizomo kwenye akaunti, hata kipengele hicho hakihitajiki. Akaunti ikiwa chini ya sifuri kwa 80,000, na mshahara wa 300,000 ukaingia, utakuta 220,000. Hesabu imejikata yenyewe.

Kufungua akaunti mahali usipodaiwa si ujanja wala si kukimbia deni. Unachofanya ni kuhakikisha kodi, chakula na umeme vinalipwa kwanza, ndipo ujue kiasi gani kinabaki kwa wanaokudai.

Chagua benki isiyo na uhusiano na ile ya zamani. Benki mbili zenye majina na rangi tofauti zinaweza kuwa za mmiliki mmoja, kwa hiyo uliza kabla ya kujaza fomu. Omba akaunti ya kawaida kabisa, isiyo na ovadrafti. Benki nyingi hupitia taarifa za mikopo za mwombaji, na akaunti ya namna hiyo hupatikana kwa urahisi zaidi. Ukiulizwa kuhusu madeni, sema kweli. Uongo kwenye fomu unaweza kukugharimu kuliko deni lenyewe.

Kuna mkopo mmoja unaobadilisha mambo yote haya: ule uliopewa kwa sharti kwamba mshahara upitie benki hiyo. Ukihamisha mshahara kimyakimya umevunja mkataba, na benki inaweza kudai salio lote kwa mkupuo, au kumgeukia mdhamini wako. Soma mkataba, kisha zungumza na benki kabla ya kugusa chochote.

Kama hubanwi na sharti hilo, akaunti mpya ikishafunguliwa weka kiasi kidogo na ujaribu kukitoa kwa kadi. Ndipo upeleke namba mpya kwa mwajiri, mapema, kwa sababu orodha ya mishahara hufungwa siku kadhaa kabla ya siku ya malipo. Subiri mshahara mmoja uingie upande mpya. Malipo yanayojikata kwenye akaunti yafuate nyuma yake. Yakitangulia yatakuta akaunti tupu na utatozwa faini.

Kuyabaini malipo hayo ndiyo kazi yenyewe. Chukua taarifa ya akaunti ya mwaka mzima, maana bima inayokatwa mara moja kwa mwaka huioni kwenye taarifa ya mwezi. Maagizo ya kudumu, yaani malipo uliyoiagiza benki iyatume kila kipindi, utayaweka upya wewe mwenyewe. Makato ya moja kwa moja, ambayo kampuni huyachukua yenyewe kwa idhini yako, yanahitaji kampuni husika ipewe namba mpya. Yanayosahaulika ni yale yaliyofungwa kwenye namba ya kadi, kama vifurushi vya filamu na programu za simu. Hayahami na akaunti.

Baadhi ya benki hutoa huduma ya kuhamisha kila kitu kwa pamoja. Mwenye ovadrafti aiogope kidogo: kwa kawaida huifunga akaunti ya zamani, na akaunti iliyo chini ya sifuri haifungwi mpaka ilipwe.

Akaunti ya pamoja na mwenza ni mtego mwingine. Ovadrafti yake huwa deni la wote wawili, na benki inaweza kumdai yeyote kwa kiasi chote, hata aliyehama.

Kisha iandikie benki ya zamani: eleza kipato chako, taja rejesho unaloliweza, na uombe riba na tozo zisimamishwe. Si lazima ikubali, lakini barua yenye hesabu halisi husikilizwa kuliko simu isiyopokelewa. Weka nakala, na endelea kuikagua akaunti hiyo kila wiki kwa miezi michache. Kato moja lililosahaulika linatosha kuongeza tozo juu ya deni.