Halmashauri Inapangaje Miaka Ijayo? Yanayosemwa Kijiweni na Yalivyo Kweli

Oktoba moja nilihudhuria mkutano mkuu wa kijiji uliokuwa na ajenda moja nzito: kuibua vipaumbele vya mwaka wa fedha unaofuata. Ulipangwa saa 4 asubuhi, ukaanza saa 6 na nusu, chini ya mwembe, baada ya mtendaji kuzunguka na kipaza sauti cha kukodi juu ya bodaboda. Nilihesabu watu 34. Ukiwatoa wajumbe wa halmashauri ya kijiji na watoto waliokuja kushangaa kipaza sauti, waliobaki wangeenea kwenye Noah mbili. Februari, diwani alipokuja kusoma kilichopitishwa, uwanja wa shule ulifurika. Swali lilikuwa moja: kivuko chetu cha korongoni kiko wapi? Hakikuwamo. Oktoba hakuna aliyekitaja.

Nimekaa kwenye vikao vya kata kwa miaka kadhaa, na kila nikirudi kijiweni nakuta maneno yaleyale kuhusu jinsi halmashauri zetu za Tanzania Bara zinavyopanga maendeleo. Mengine ni uongo mtupu. Mengine ni kweli iliyokatwa nusu, na hayo ndiyo yanayotuponza zaidi.

"Mipango yote inashuka kutoka Dodoma, sisi tunasomewa tu"

Hii ni ile ya nusu. Kwa utaratibu, mpango unaanzia chini. Kitongoji kinasema shida zake, halmashauri ya kijiji inazipanga, mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, unazipitisha. Kutoka hapo zinakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata, na wenyeviti wa vijiji ni wajumbe. Kata inachuja, inapeleka halmashauri. Wataalamu wanaziweka kwenye rasimu, kamati za kudumu zinazichambua, Baraza la Madiwani linapitisha. Njia hii ya kuibua fursa na vikwazo ilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 2000, baadaye ikaboreshwa kwa msaada wa Wajapani kupitia shirika lao la misaada, JICA.

Lakini wakati orodha inapanda, kuna kitu kingine kinashuka: mwongozo wa bajeti na ukomo wa bajeti. Ukomo maana yake ni kwamba halmashauri inaambiwa kapu lako mwaka huu ni la ukubwa huu, na ndani ya kapu, fedha hii ni ya elimu, hii ya afya, usiihamishe. Juu ya hayo, Mpango Mkakati wa halmashauri, ule wa miaka mitano, lazima uendane na mpango wa taifa wa miaka mitano na Dira ya Taifa, ambayo sasa ni ile ya 2050 iliyozinduliwa Julai 2025. Na tusidanganyane, ilani ya chama kinachotawala nayo iko mezani.

Basi kijiji kikisema kipaumbele cha kwanza ni josho la ng'ombe, na fedha iliyoshuka ni ya vyoo vya shule, vitajengwa vyoo. Mwananchi anaona amepuuzwa. Kumbe josho lake limebaki kwenye orodha likisubiri fungu linalofanana nalo. Fedha ya aina hiyo ikija ghafla, na huwa inakuja, afisa mipango hatafuti kijiji chenye kelele nyingi. Anafungua orodha ya vipaumbele kuangalia nani aliandika josho. Ambaye hakuandika hana cha kutafutwa.

Ndiyo maana namkumbuka yule mtendaji na kipaza sauti chake. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, lakini mlango wa mwananchi unafungwa mapema kuliko watu wanavyodhani. Vijiji na kata huibua miezi ya mwisho wa mwaka. Mabaraza hupitisha Januari au Februari. Kisha bajeti hupita kwenye kamati ya ushauri ya mkoa, ikachambuliwa Dodoma, na kuanzia Aprili iko bungeni. Ukija na hoja yako Machi, umekuja kupiga hodi wakati wenyewe wamelala.

"Kikishaandikwa kwenye bajeti, hela ipo"

Hapana. Bajeti ni makisio ya mapato na matumizi, na neno zito hapo ni makisio. Halmashauri ilikisia kukusanya ushuru wa korosho, mvua ikaharibu maua, korosho hazikuja. Au ruzuku ya robo ya tatu ikaingia mwezi Juni, siku chache kabla ya mwaka kufungwa. Mradi unakuwa kiporo.

"Diwani wetu mzembe, barabara mbovu na maji hakuna"

Inawezekana ni mzembe kweli, sitamtetea nisiyemjua. Lakini tangu 2017 barabara za mitaa na vijiji ziko chini ya TARURA, na tangu 2019 maji ya vijijini yako chini ya RUWASA. Wakala hizi zina bajeti zao na mameneja wao, na hawa hawawajibiki kwa Baraza la Madiwani namna mkuu wa idara anavyowajibika. Diwani anaweza kuwaita, kuwabana kwa maswali, kupeleka vipaumbele vya kata. Kuwasainia hundi hawezi.

Tena diwani hana fungu lake binafsi la maendeleo. Nguvu yake ni kura barazani na ulimi wake kwenye kamati. Mkurugenzi, anayeteuliwa na Rais, ndiye mtendaji mkuu na ndiye katibu wa baraza. Kwa hiyo ukitaka kumpima diwani, usiulize ameleta nini kwa mkono wake. Uliza alisema nini kikao cha bajeti kilipokuwa kinaamua kata ipi ipate darasa. Kumbukumbu za kikao huandikwa, na vikao vya baraza ni vya wazi. Unaweza kwenda kukaa nyuma ukasikiliza. Wengi wetu hatujawahi.

"Tuanze boma, serikali italimalizia"

Hapa nitakaa kidogo, maana nimebeba mawe mwenyewe.

Tangu Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007 hadi 2017, uliosema zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, nchi nzima ilishika sepetu. Utaratibu ulieleweka: wananchi wanachangia mchanga, kokoto, maji na nguvukazi, wanapandisha kuta hadi kwenye lenta, na hilo ndilo boma, kisha halmashauri au Serikali Kuu inapaua na kumalizia. Ari ile ilikuwa ya kweli. Kina mama walisomba maji kwa ndoo alfajiri kabla ya kwenda shamba.

Kosa letu lilikuwa la kupanga. Boma nililoshiriki mimi lilichorwa na fundi wa kijijini kwa kijiti juu ya vumbi. Vyumba vinne, korido nyembamba. Mhandisi alipokuja na futi yake alipima mlango mmoja, akanyamaza, akapima wa pili. Kitanda cha kubeba mgonjwa hakikati kona ile. Ramani ya wizara ilikuwapo ofisini siku zote, bure, na hakuna aliyekwenda kuiomba. Eneo lenyewe halikuwa limepimwa, na mtoto wa mzee aliyelitoa kwa mdomo alishaanza kusema baba hakusaini popote.

Lakini hata boma lingekuwa sawa, swali kubwa halikuwa bati wala saruji. Zahanati inataka tabibu na muuguzi. Mishahara yao inatoka Serikali Kuu, na nafasi zao lazima ziwe kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi, iliyoombewa kibali. Inataka dawa, na nyumba ya mtumishi, la sivyo atahama mwaka wa pili. Jengo ni gharama ya mara moja, huduma ni gharama ya kila mwezi kwa miaka yote. Afisa mipango anaposema tusianze boma jipya kabla hatujamalizia lile la kijiji jirani, kijiweni tunamwita adui wa maendeleo. Mara nyingi ndiye mtu pekee kwenye kikao aliyepiga hesabu ya mwaka wa kumi.

"Stendi na soko la ghorofa ni sifa za wakubwa, sisi tunataka madawati"

Hasira hii naielewa, ila hesabu yake haijakamilika. Halmashauri nyingi zinaishi kwa ruzuku. Vyanzo vilivyokuwa vyake vinaweza kuchukuliwa kwa mstari mmoja wa sheria. Angalia kodi ya majengo: ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato, TRA, na tangu 2021 unakatwa unaponunua umeme wa LUKU. Halmashauri isiyo na chanzo chake cha uhakika haiwezi kupanga miaka kumi, inapanga miezi mitatu mitatu.

Jiji la Dodoma ni mfano mzuri. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake kukabidhiwa manispaa, ambayo 2018 ikawa jiji. Jiji likapima na kuuza viwanja kwa wingi, fedha ikamiminika. Lakini kiwanja unakiuza mara moja tu. Ndiyo sababu ya kuweka fedha kwenye vitu vitakavyolipa kesho, kama soko, stendi na hoteli. Dar es Salaam nayo ilipata stendi ya Magufuli kule Mbezi Luis, iliyozinduliwa Februari 2021, kuchukua nafasi ya Ubungo.

Je, kila soko jipya linalipa? Hata kidogo. Yako majengo ambayo wafanyabiashara wameyakimbia kwa sababu kizimba kiko ghorofa ya pili na mteja wa nyanya hapandi ngazi. Hapo ndipo pa kubana viongozi: mlifanya upembuzi yakinifu? Mliwauliza mama ntilie na wauza mitumba? Kupinga stendi kwa sababu ni stendi ni kupoteza swali.

"Ramani ya mipango miji ni ya kutubomolea"

Hofu hii haikuota hewani. Wazee wa Dodoma wana hadithi ndefu za migogoro ya viwanja, na alama ya X nyekundu ukutani haisahauliki. Lakini turudi nyuma tuone mji usio na mpango unaoishi unakuwaje. Dar es Salaam ilipata mipango kabambe 1949, 1968 na 1979. Baada ya ule wa 1979 ikapita zaidi ya miaka thelathini bila mwingine mpya kukamilika. Sensa ya 1978 ilihesabu watu wasiofika 900,000 katika mkoa ule. Ya 2022 ikakuta milioni 5.38. Hao wote walijenga mahali fulani, wakati ramani ilikuwa ya mji mwingine kabisa. Anayelipa ni yule ambaye gari la zimamoto haliingii kwake, na ambaye mvua za masika zinamkuta bondeni Msimbazi.

Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaitaka mamlaka ya upangaji iwaite wenye ardhi, taasisi na vikundi vya eneo husika kabla ya kuandaa mpango wa jumla. Ni kikao kingine ambacho huwa na viti vitupu.

Na kuna dhana ndogo ndani ya hii kubwa, inayoliza watu kila siku: kwamba muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unatosha. Ule muhuri unaonyesha kwamba fulani kamuuzia fulani mbele ya mashahidi. Hauonyeshi kama pale pamepangwa kuwa makazi, shule, barabara au eneo la wazi. Jibu hilo liko kwenye ofisi ya ardhi ya halmashauri, kwenye ramani. Nenda na picha ya eneo kwenye simu, na vipimo ukiweza kuvipata, kabla hujatoa hata shilingi ya udalali.

"Ukiuliza, hawakupi karatasi"

Wapo wanaonyima. Hata hivyo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa ofisa siku 30 kukujibu, na ombi la maandishi lenye nakala iliyogongwa muhuri wa masijala lina uzito kuliko kelele mlangoni. Mkutano mkuu wa kijiji nao kisheria unatakiwa kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe pale. Usiombe "mpango" kwa jumla, watakutolea kitabu cha kurasa mia tatu. Omba ukurasa wa kata yako, wa mwaka huu na wa mwaka uliopita, ulinganishe.

Tulifanya hivyo. Kikundi cha kina mama wa kusaga unga, ambao masika huwakatia njia ya mashineni, walikuja mkutano wa Oktoba iliyofuata wakiwa 19, wakakaa mstari wa mbele, na kila ajenda ilipofunguliwa mmoja wao alinyoosha mkono kusema kivuko. Mtendaji akaandika ili wanyamaze. Kata ikakipa nafasi ya pili, kikapelekwa TARURA, mtu wao akaja kupima upana wa korongo kwa kamba. Hadi leo vigingi vyake viwili vipo, vimepakwa rangi nyekundu, na mbuzi hufungwa hapo.