Mtoto aliyezaliwa na ulemavu halipii dhambi ya mtu

Upo ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu ya WhatsApp: eti Biblia inasema mtoto anayezaliwa na ulemavu analipia dhambi za wazazi wake, au zake mwenyewe tangu tumboni. Sivyo.

Fungua Yohana 9:1-3. Wanafunzi walimuuliza Yesu swali hilohilo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Akajibu kwamba si yeye, wala si wazazi wake. Soma pia Ezekieli 18:20: mwana habebi uovu wa baba yake.

Watu wengi huchanganywa na Kutoka 20:5, panaposema Mungu huwapatiliza wana maovu ya baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne, kwa kuwa aya hukatizwa kabla ya neno “wanichukiao”, yaani inawahusu wale wanaomchukia Mungu. Wengine hufikiria dhambi ya asili, ile inayotokana na Adamu na Hawa. Madhehebu hutofautiana kuieleza, lakini inahusu hali ya wanadamu wote, mwenye ulemavu na asiye nao, wala si kosa alilotenda mtoto tumboni.

Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Huenda mama wa mtoto kama huyo yumo kwenye grupu lenu, na anausoma kimya.