Kuganda kwenye roli moja ndo nini? Mcheki Edward G. Robinson

Kuganda kwenye roli moja ni hivi: umeigiza mchawi mara moja, watu wakaipenda, basi kila prodyuza anayekupigia simu anataka mchawi, na sokoni muuza nyanya anakukatia jicho kama vile jana umemroga kweli. Sio kwamba kingine hukiwezi. Ni kwamba wenye hela wanaogopa kujaribu, sura ambayo mtazamaji ameshaizoea inauza tiketi bila maelezo mengi.

Kwangu mimi mfano mtamu ni Edward G. Robinson, mwigizaji wa filamu za zamani za Hollywood. Jina la kuzaliwa Emanuel Goldenberg, familia ya Kiyahudi, kazaliwa Bucharest huko Romania mwaka 1893, wakahamia New York akiwa bado dogo, akasomea uigizaji na kusota jukwaani Broadway miaka kibao. Hiyo G katikati ndo Goldenberg yenyewe, hakutaka kuitupa yote.

1931 kampuni ya Warner Bros wakatoa filamu ya Little Caesar, yeye kacheza Rico, jambazi mwenye uroho wa ukubwa. Sisi tumekua tunaambizana steringi hafi, sasa hapa steringi ndo adui mwenyewe na mwisho anakula risasi, na watu walijaa tu kumwangalia. Kuanzia hapo huo uso mpana, midomo minene na sigara kubwa ikawa ndo picha ya jambazi, mpaka katuni za Bugs Bunny zikachora jambazi wa kufanana naye.

Na jamaa bunduki hazipendi! Kwenye Little Caesar kila akifyatua anafumba macho, sasa jambazi gani huyo, ikabidi wambandike kope kwa utepe zisishuke. Nyumbani kwake ukutani kulikuwa na michoro ya Cézanne na Van Gogh, mtu wa sanaa kabisa, mkusanyiko ambao baadaye alilazimika kuuza alipoachana na mke wake wa kwanza, na nadhani hilo lilimuuma kuliko roli yoyote.

Kujinasua alijaribu, tena kwa akili. 1938 akacheza komedi inayowacheka majambazi haohao, 1940 akawa Dokta Ehrlich anayetafuta dawa ya kaswende, halafu 1944 kwenye Double Indemnity akawa mtu wa bima anayenusa matapeli, na hapo aisee anawafunika wote (mniite mbishi tu). Lakini 1948 kwenye Key Largo tunamkuta wapi? Ndani ya bafu, kajilaza majini, sigara mdomoni, feni inampuliza, jambazi tena.

Huko kwenye Oscar hata kuteuliwa kushindania hakuwahi, miaka yote hiyo. Wakaja kumpa ya heshima 1973, yeye amefariki Januari, sherehe ikawa Machi, mjane wake ndo akaenda kuipokea.

Kama sura yake unahisi unaijua ila hukumbuki wapi, tafuta The Ten Commandments ya 1956, ile ya Musa. Yule Dathani, Mwebrania anayewauza ndugu zake kwa Wamisri na baadaye kuwachochea kwenye ndama wa dhahabu, ndo yeye. Wamemvisha kanzu, wamempeleka mpaka enzi za Farao, na bado wakampa ubaya.