Trump, Warusi na uchaguzi wa 2016: tunachanganya maswali

Hii stori ikiibuka kijiweni utasikia sauti mbili tu. Mmoja anasema ulikuwa usanii mtupu wa Democrats, mwingine anasema Putin ndo alimuweka Trump Ikulu, na wote wana uhakika kama vile walikuwepo. Shida ni kwamba humo ndani kuna maswali matatu na watu wanachukua jibu la moja wanalibandika kwenye lingine: je Urusi iliingilia, je watu wa Trump walikula njama na Warusi, na je kura zilichezewa. Majibu yake hayafanani hata kidogo.

Dhana: Robert Mueller, mchunguzi maalum wa sakata hili, alitafuta miaka miwili akakosa, kwa hiyo Urusi haikufanya kitu

Hapana aisee. Ripoti yake ina kurasa 448, ilitoka Aprili 2019, na mwanzoni kabisa inasema Urusi iliingilia kwa upana na kwa mpango. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ile kampuni ya St. Petersburg, Internet Research Agency, watu wanaingia kazini wanajifanya Wamarekani kwenye Facebook na Twitter. Mei 21, 2016 pale Houston, ukurasa unaoitwa Heart of Texas ukaita watu waandamane nje ya kituo cha Kiislamu, na ukurasa mwingine, United Muslims of America, ukaita watu waje kukitetea, siku ileile, saa ileile, mahali palepale. Na watu wakaja kweli, wakasimama huku na huku wanazomeana, kumbe kurasa zote mbili zinaendeshwa na ofisi moja kule Urusi, na mwenyekiti wa kamati ya ujasusi ya Seneti akaja kusema mchezo wote huo uliwagharimu kama dola 200 tu. Tajiri wa ile kampuni alikuwa Prigozhin, yuleyule wa kundi la mamluki la Wagner, ambaye Novemba 2022 alikiri mwenyewe kwamba waliingilia na wataendelea kuingilia.

Njia ya pili ni udukuzi wa GRU, ujasusi wa jeshi la Urusi. Machi 19, 2016 John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton, mpinzani wa Trump, alitumiwa imeili inayofanana na ya Google, eti kuna mtu ana paswedi yako, badilisha hapa. Wakamuuliza mtu wao wa kompyuta, akajibu imeili ni halali, na baadaye akajitetea kwamba alitaka kuandika kinyume chake. Herufi mbili za Kiingereza zikamponyoka, badala ya "illegitimate" akaandika "legitimate"! Imeili zaidi ya 50,000 zikaondoka, na WikiLeaks ikaanza kuzimwaga Oktoba 7, haijapita hata saa moja tangu ile video ya Trump akiongelea wanawake itoke. Maafisa 12 wa GRU walishtakiwa kwa majina yao Julai 2018, ila wako kwao Urusi, nani atawafuata.

Dhana: Basi Trump alisafishwa

Lile neno la "kushirikiana" walilokuwa wanaliimba kila siku kwenye TV sio kosa linalojitegemea kwenye sheria za jinai za Marekani. Mueller alipima kula njama, ambayo inataka makubaliano, akasema uchunguzi haukuthibitisha makubaliano hayo. Haukuthibitisha, na ripoti yenyewe inafafanua kwamba hiyo sio sawa na kusema ushahidi haukuwepo. Trump Jr. aliahidiwa kwa imeili uchafu wa Clinton kutoka serikali ya Urusi, akajibu kama ndo hivyo naipenda, na Juni 9, 2016 wakakaa Trump Tower na wakili Mrusi, Kushner, mkwe wa Trump, na Paul Manafort wakiwepo, yule mama akaishia kuongelea vikwazo na watoto wa kuasili. Manafort, bosi wa kampeni, naye alikuwa anampelekea data za kura za maoni Konstantin Kilimnik, ambaye kamati ya Seneti chini ya Republican wenyewe ilimwita afisa wa ujasusi wa Urusi mwaka 2020. Anayeona yote haya akasema imethibitishwa hamna kitu simwelewi, na anayesema imethibitishwa walikula njama simwelewi vilevile.

Dhana: Uchunguzi ulizaliwa na faili la Steele, yule jasusi mstaafu wa Uingereza aliyeandika madai kuhusu Trump na Urusi

FBI walianza Julai 31, 2016 kwa taarifa ya Australia, baada ya Papadopoulos, mshauri kijana wa kampeni, kumdokeza balozi wao Alexander Downer wakiwa kwenye vinywaji London kwamba Warusi wana kitu. Faili la Steele liliifikia timu ya FBI ya uchunguzi huo Septemba. Ila hapa wasiompenda Trump nao wavumilie kidogo, maana lilipofika lilitumika kuombea kibali cha kumfuatilia kwa siri Carter Page, aliyekuwa mshauri wa kampeni ya Trump, mkaguzi mkuu wa Wizara ya Sheria akakuta makosa 17 kwenye maombi hayo, mwanasheria wa FBI akakiri mahakamani kubadilisha imeili, na ni kweli chama na kampeni ya Clinton ndo walilipia lile faili kupitia mawakili wao. John Durham, mwendesha mashtaka maalum aliyepewa kazi ya kuuchunguza uchunguzi huo, naye alisema 2023 kwamba taarifa ilikuwa nyembamba mno kufungua uchunguzi kamili, ingawa kesi zote mbili alizozifikisha mbele ya wazee wa baraza mahakamani alishindwa.

Dhana: Warusi waliiba kura

Hii fupi. Waliingia kwenye daftari la wapiga kura la Illinois wakachukua taarifa, lakini hamna ushahidi kwamba hesabu ya kura iliguswa popote. Na Wakenya mnaoitaja Cambridge Analytica hapa, ile ilikuwa kampuni ya Waingereza, ilifanya kazi ya Trump, na mabosi wake ndo walinaswa na kamera ya siri ya Channel 4 mwaka 2018 wakijisifu kwa kazi zao Kenya 2013 na 2017. Hiyo kesi yao, msiitupie Moscow.

Kama zile posti zilimbadilisha mtu mawazo, hilo lingine. Michigan, Wisconsin na Pennsylvania kwa pamoja Trump alizichukua kwa kura kama 78,000, kwa hiyo kila mtu anaingiza lake hapo, mara imeili za Podesta, mara barua ya Oktoba 28 ya Comey, mkuu wa FBI wakati huo, kuhusu uchunguzi wa imeili za Clinton, mara Clinton kutokanyaga Wisconsin kwenye kampeni ya uchaguzi mkuu. Mueller hakupewa kazi ya kujibu hilo, na hakulijibu.