Makato ya sarafu za kidijitali: wakala wako amesoma asilimia au desimali?

Wakala tunayemzungumzia hapa si yule wa kibandani anayekutolea pesa. Ni programu ya akili mnemba inayopewa kazi, ikaingia yenyewe kwenye soko la sarafu za kidijitali, ikasoma bei na salio, na ukiiruhusu ikaweka oda. Kabla hajagusa hata shilingi yako, muulize: soko hili linanikata kiasi gani?

Jibu linaweza kutoka sehemu mbili, na kwenye skrini huwezi kuzitofautisha. Ya kwanza ni kumbukumbu ya modeli, ule ubongo wa programu hiyo, yaani maandishi iliyofunzwa nayo. Chukua soko la Kraken: kwa miaka kadhaa mteja wa daraja la chini, yaani mwenye kiasi kidogo cha biashara, aliyenunua papo hapo alikatwa asilimia 0.26, kisha kiwango kikapandishwa hadi 0.40. Modeli iliyoshiba makala za zamani itakutajia 0.26 bila kupepesa macho. Ya pili ni zana, kipande cha programu kinachomwezesha wakala kuliuliza soko lenyewe. Zana nyingi za aina hii hufuata itifaki ya MCP, yaani kanuni za pamoja za kuunganisha modeli na programu za nje, iliyotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024; nyingine zimejengwa juu ya CCXT, maktaba huria ya msimbo inayoweza kuwasiliana na masoko zaidi ya 100. Mwambie wakala akuonyeshe jibu ghafi la zana, si muhtasari wake. Akishindwa, chukulia kwamba amekumbuka tu.

Kwenye jibu hilo ghafi ndiko wengi wanakoteleza. Ukiliuliza soko la Binance ada ya jozi ya BTC (Bitcoin) na USDT (sarafu iliyofungwa na thamani ya dola), mteja wa kawaida huletewa "0.001". Hiyo ni desimali: zidisha kwa 100, unapata asilimia 0.1. Kraken huandika "0.40", na hiyo tayari ni asilimia. Rudi Binance, sehemu ya taarifa za akaunti, unaweza kukuta "10", maana yake sehemu 10 katika 10,000, ambayo ni asilimia 0.1 ileile. Sasa weka pesa juu yake. Kwenye biashara ya shilingi 1,000,000, asilimia 0.1 ni shilingi 1,000. Wakala akidhani 0.001 tayari ni asilimia, atakwambia utakatwa shilingi 10. Akidhani 0.40 ya Kraken ni desimali, atakwambia 400,000 badala ya 4,000. Hilo la pili litakushtua na utauliza. La kwanza ndilo hatari, kwa kuwa linafurahisha, na nani anahoji habari njema? CCXT huzileta zote kwa desimali, ambalo ni jambo jema, ilimradi wakala naye asizigeuze mara ya pili.

Utaona pia namba mbili zimeandikwa maker na taker. Oda yako ikikaa sokoni kusubiri wa kuichukua, unalipa ya kwanza. Ukinunua hapo hapo kwa bei iliyopo, unalipa ya pili, na mara nyingi ndiyo kubwa. Wakala aliyeambiwa "nunua sasa" hulipa hiyo kubwa, tena hachoki. Akizungusha ile milioni kwa oda 20 kwa siku, kwa asilimia 0.1 tu, makato ni karibu shilingi 20,000, yaani asilimia 2 ya mtaji imeondoka kabla bei haijapanda wala kushuka.

Kodi ni suala jingine, na jibu la soko kuhusu ada huenda lisiitaje kabisa. Kenya, tangu Julai 2025, ada yenyewe hutozwa ushuru wa asilimia 10, kwa hiyo ada ya shilingi 100 inafika 110; ushuru huo ulichukua nafasi ya kodi ya asilimia 3 iliyoanza Septemba 2023. Tanzania, Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Linganisha mwenyewe na hiyo 0.1.

Viwango vya jumla vipo wazi kwa kila mtu. Kiwango chako wewe, kulingana na daraja lako au lile punguzo la asilimia 25 la Binance kwa anayelipia makato kwa sarafu ya BNB, kinahitaji ufunguo wa API wa akaunti yako, yaani msimbo wa siri unaoruhusu programu kuifikia akaunti hiyo. Kwa kazi hii ufunguo unahitaji ruhusa ya kusoma pekee. Zima ruhusa ya kufanya biashara, zima kabisa ya kutoa fedha, na uufunge kwa anwani ya IP ya kompyuta yako kama soko linaruhusu. Usiubandike kwenye dirisha la mazungumzo. Uweke kwenye mipangilio ya zana. Mtu akikwambia zana yake haiwezi kusoma ada bila ruhusa ya kutoa fedha, achana nayo.

Kisha jaribu kwa mkono wako. Nunua kidogo, tuseme USDT 20 za BTC, halafu ufungue historia ya miamala, si ya oda. Angalia kiasi kilichokatwa na sarafu iliyotumika kukikata, kwa kuwa ukinunua BTC bila kuwasha malipo ya BNB, Binance hukata hiyohiyo BTC uliyonunua, si USDT. Gawanya makato kwa kiasi cha BTC ulichonunua. Ukipata 0.001 na wakala alikwambia 0.001, muulize tena: desimali au asilimia?