Panya Wetu Hatumwi Kufa

Juzi kwenye harusi hapa Morogoro, mzee mmoja aliniuliza swali lilelile: "Mwanangu, bomu moja linakula panya wangapi?" Kazi yangu ni na panya buku waliofundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Nilimjibu kwa adabu, lakini swali hilo nimelichoka. Hakuna hata mmoja. Panya buku ana kilo moja na ushee. Mabomu mengi ya kutegewa watu yanataka kama kilo 5 kwenda juu ndipo yafyatuke. Panya akinusa TNT, baruti iliyo ndani ya bomu, anakwaruza ardhi, basi. Kutegua ni kazi ya binadamu.

Tunaanza alfajiri. Tunampaka masikio na mkia mafuta ya kuzuia jua, tunamvisha mkanda, anatembea kwenye kamba iliyovutwa kati ya watu wawili.

Swali la pili linaniuma zaidi: "Mmepata mabomu mangapi?" Magawa, panya wa hapa Tanzania, alipata 71 kule Kambodia, na sifa zake ni haki yake. Lakini bomu moja, au uvumi wa bomu moja, hufunga shamba zima, kisima na njia ya shule kwa miaka. Kigundua vyuma hulilia kila msumari, kila kopo, kila ganda la risasi, na kila mlio lazima mtu apige magoti achimbe. Panya hana habari na chuma. Meta za mraba 200 anazimaliza kwa nusu saa. Mwenye mashine huenda akachukua siku 4. Kubwa analotupatia ni neno "hapa hamna".

Na neno hilo ndilo linaloninyima usingizi. Panya akinyamaza, ni ardhi salama, au upepo umegeuka, au amechoka? Tunapitisha wa pili. Bado silali vizuri usiku wa kukabidhi eneo.

Msumbiji vita viliisha 1992. Nchi ikatangazwa kuwa haina mabomu Septemba 2015. Miaka 23! Mkataba wa Ottawa wa 1997 ulipiga marufuku kutumia, kuunda na kuhifadhi mabomu ya kutegewa watu, ila mwaka 2025 Ufini, Poland na baadhi ya majirani zao walitangaza kujitoa. Niliumia sana.

Kule Gaza, Msumbiji, mama mmoja alisimama kwenye utepe, jembe begani. Kupitia mkalimani akauliza kama anaweza kulima mpaka chini. Nikamwambia, lima mama. Akanitazama, akasema nitangulie mimi.

Nikavua viatu, nikatangulia.