Tetemeko la ardhi: hesabu sekunde ujue limetokea umbali gani

Wanafunzi, kuna kitu kwenye tetemeko ambacho watu wengi hawakiangalii, nacho ni kwamba linakupiga mara mbili. Kwanza unasikia mshtuko mfupi, vikombe vinagongana kabatini, halafu baada ya sekunde kadhaa ndo unakuja mtikisiko mkali wa kuyumbisha nyumba.

Chanzo chake ni hiki. Ganda la dunia limegawanyika kwenye mabamba makubwa ya mwamba na yote yanasogea, sentimita chache tu kwa mwaka, sasa pale yanapokutana miamba inakwama huku mabamba yenyewe bado yanasukumana, nguvu inajilimbikiza miaka na miaka mpaka siku mwamba unashindwa kuvumilia, unateleza ghafla kwenye ufa, na nguvu yote ile inatoka kwa mawimbi.

Wimbi la kwanza tunaliita P, linabana na kuachia mwamba, spidi yake kama kilomita 6 kwa sekunde. La pili ni S, linatikisa huku na huku, kama kilomita 3.5 kwa sekunde. Hapa mimi ndo napapenda kuliko kote, maana ukichukua zile sekunde kati ya P na S ukazidisha kwa 8 unapata umbali kwa makadirio: sekunde 10, basi ni karibu kilomita 80. Kituo kimoja cha kupimia matetemeko hakikwambii upande gani, kwa hiyo tunachukua vituo vitatu, unachora duara la kila kimoja kwa bikari kwenye ramani, na yanapokatana pote matatu ndo penyewe.

Ukubwa wa tetemeko nao unapimwa kwa namba, na namba hiyo ikipanda moja, nguvu inayotoka inaongezeka kama mara 32. Kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa ni la Chile mwaka 1960, 9.5. Ila la Haiti mwaka 2010 lilikuwa 7.0 tu na likaua watu wengi sana kuliko lile, kwa sababu lilitokea karibu na mji, kina kifupi, na majengo yalikuwa dhaifu.

Na zile meseji za "kesho saa fulani litatokea tetemeko", tafadhali msizisambaze, hakuna mtu anayeweza kutabiri siku na saa. Kinachowezekana ni kama Japani, mitambo inanasa P na kutuma tahadhari kwenye simu kabla S haijawafikia walio mbali, ni sekunde chache tu lakini zinatosha kuingia chini ya meza na kushika mguu wake.